Barua ya Kuwapokea Wageni: Niliyojifunza Katika Suala la Uraia wa Wakimbizi wa 1972

Kwa miaka kadhaa nilikuwa afisa mtendaji wa kata katika wilaya iliyo mbali sana na Mpanda nilikozaliwa. Nayataja haya mawili pamoja kwa sababu ndiyo yaliyonifanya nione pande zote mbili za jambo ambalo Watanzania wengi walilisikia redioni tu, likapita: uraia waliopewa wakimbizi wa Burundi waliokuja mwaka 1972. Mpanda nilikua nao. Huko kazini nikapewa barua ya kuwaandalia mapokezi. Siku hizi kila mjadala wa wahamiaji unapozuka, uwe wa kwetu au wa Ulaya na Marekani, haukosi mtu wa kusema, "Wananchi waulizwe." Nami nasema waulizwe. Lakini nimewahi kusimama mbele ya wananchi nikiwa nimelishika swali lenyewe mkononi, na ninayo ya kusimulia.

Kwa asiyeijua habari hii, mwaka 1972 palitokea mauaji makubwa Burundi chini ya utawala wa Rais Micombero, na Wahutu kwa maelfu wakavuka kuja kwetu. Serikali ya Mwalimu Nyerere iliwapa ardhi kwenye mapori ya miombo magharibi mwa nchi: Ulyankulu mkoani Tabora, kisha Katumba, na mwishoni mwa miaka ya 70 Mishamo. Katumba na Mishamo ziko upande wa Mpanda, enzi hizo mkoa wa Rukwa, leo Katavi. Walifyeka, wakajenga, wakalima mahindi, maharage, mihogo na tumbaku. Ilipofika 1985 Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, UNHCR, lilikuwa limekwisha kuyakabidhi makazi hayo kwa serikali, maana watu walikuwa wanajilisha wenyewe. Sisi wa Mpanda mjini tulikula sana mahindi na maharage yao. Sokoni tuliuliza bei, tukapima, tukabeba.

Hata hivyo kulikuwa na kibali cha kutoka makazini. Rafiki yangu mmoja tuliyesoma naye sekondari alizaliwa Katumba. Wazazi wake walivuka wakiwa vijana wasio na mtoto. Kila likizo ilipokwisha alirudi shuleni na karatasi yenye muhuri wa mkuu wa makazi, imeandikwa anakwenda wapi na anatakiwa kurudi lini. Aliihifadhi katikati ya daftari la hesabu isikunjike. Mimi niliyepanda naye gari lile lile sikuwa na karatasi yoyote zaidi ya barua ya kuitwa shuleni. Asubuhi mstarini tuliimba wimbo mmoja wa taifa, na kwa kuwa alikuwa na sauti nzuri, mara nyingi yeye ndiye aliyeuanzisha.

Mwalimu alipotoa ardhi ile hakuna aliyewaitisha wananchi wa Mpanda mkutano. Mwaka 1980 pia, serikali yake ilipowafungulia mlango wa uraia maelfu ya Wanyarwanda waliokuwa nchini tangu miaka ya 60, wakiwemo majirani zetu wa Mwese, wananchi hawakupiga kura. Mwaka 1983 alipewa Nishani ya Nansen, tuzo ya UNHCR, kwa namna alivyowatendea wakimbizi, na naamini aliistahili. Lakini ulikuwa wakati wa chama kimoja. Uamuzi ulitoka juu ukashuka, na aliye chini alipokea. Bahati yetu ni kwamba pori lilikuwa kubwa na aliyeamua alikuwa na huruma. Sidhani nchi inaweza kutegemea mambo hayo mawili siku zote.

Vyama vingi vilirudi mwaka 1992. Miaka miwili baadaye, Aprili 1994, Wanyarwanda wapata robo milioni walivuka daraja la Rusumo, mpakani mwa Rwanda na Tanzania, ndani ya saa 24 hivi. Mwezi Machi 1995 Tanzania ilifunga mpaka wake na Burundi, na Oktoba mwaka huo tukafanya uchaguzi mkuu wa kwanza wa vyama vingi tangu uhuru. Mbunge wa mkoa wa mpakani sasa alikuwa na wapiga kura wa kuwajibu, na wapiga kura walikuwa na la kusema juu ya misitu iliyokatwa kwa ajili ya kuni na mifugo iliyoibwa usiku. Sheria ya Wakimbizi ya 1998 ilikuja kali kuliko mazoea ya zamani. Wapo wanaosema vyama vingi viliwaondolea Watanzania ukarimu. Mimi sikubali. Manung'uniko hayo yalikuwepo hata kabla, ila hayakuwa na pa kufikia.

Kisha ikaja ilani ya CCM ya 2005, iliyoahidi kwamba ifikapo 2010 Tanzania itakuwa nchi isiyo na wakimbizi. Rais Kikwete alishinda kwa asilimia 80. Ukitaka kujua matakwa ya wananchi yaliyoandikwa na kupigiwa kura, hayo ni sehemu yake. Mkulima wa kawaida aliyeisikia ahadi ile jukwaani alielewa jambo moja tu, kwamba watarudi kwao.

Kwa wakimbizi wa 1972 mambo yalikwenda kwingine. Mwaka 2007 serikali yetu, ya Burundi na UNHCR walifanya sensa katika makazi yale matatu, wakakuta watu wapatao 220,000. Kila mtu mzima aliulizwa achague kurudi Burundi au kuomba uraia wa Tanzania. Kiasi cha mmoja katika watano alichagua kurudi, na zaidi ya 50,000 walirudi kweli. Waliobaki waliomba uraia wa tajnisi, yaani wa kuomba na si wa kuzaliwa, na mwaka 2010 zaidi ya 162,000 walikubaliwa. Ulikuwa uamuzi wa kishujaa. Ni nchi chache sana duniani, tajiri au maskini, zilizowahi kuwapa uraia wakimbizi wengi kiasi hicho kwa mkupuo mmoja. Wengi wao walikuwa wamezaliwa hapa na hawajawahi hata kuiona Burundi. Kumwambia mtu wa miaka 35 aliyezaliwa Katumba kwamba hapa si kwao ni dhuluma, na naona hata kura ya watu milioni haiwezi kuigeuza kuwa haki.

Lakini uraia ule uliambatana na sharti. Wakimbizi hao walitakiwa kuukana uraia wa Burundi, kisha makazi yavunjwe na wao watawanywe katika mikoa 16 ya Tanzania Bara, na cheti wakipate baada ya kuhama. Hoja ya serikali ilikuwa umoja wa kitaifa. Haikutaka watu wenye asili moja wabaki pamoja kama nchi ndogo ndani ya nchi. Ilitaka wachanganyike kama sisi wengine tulivyochanganyika. Siidharau hoja hiyo. Kuchanganyika kumetuepusha na mengi, na aliyeona yaliyowapata jirani zetu hawezi kuipuuza. Ila mkoa niliokuwa nafanya kazi ulikuwa mmoja wa ile 16, na hapo ndipo barua iliponifikia.

Barua ilitoka wilayani. Ilisema kata yetu itapokea kaya kadhaa za "raia wapya" na kutuelekeza tuainishe maeneo, kwa maana ya viwanja, mashamba na mahali pa huduma. Haikutaja fedha wala tarehe. Mwenyekiti wa kijiji kikubwa zaidi katani aliisoma mara mbili, akaikunja, akasema, "Hii tuipeleke mkutano mkuu." Alikuwa sahihi kisheria. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inasema wazi kwamba halmashauri ya kijiji haiwezi kumgawia mtu ardhi bila mkutano mkuu wa kijiji kuidhinisha. Hakuna mahali pengine katika sheria zetu ambapo mwananchi wa kawaida ameshika rungu zito kama hilo. Waziri wa Mambo ya Ndani anaweza kumpa mtu uraia, lakini ekari mbili za ardhi ya kijiji zinapitia kwa watu walioketi chini ya mkorosho.

Tulikutana uwanja wa shule ya msingi. Watu walijaa, na wanawake walikuja wengi kuliko kawaida kwa sababu habari ilishaenea kisimani. Niliwasalimu wazee, nikaisoma barua, nikaeleza kwa maneno yangu wale ni watu gani. Nilipomaliza alisimama mzee mmoja aliyekuwa mjumbe wa baraza la ardhi.

"Bwana Mtendaji, mwanangu, swali langu ni fupi. Umekuja kutuuliza au umekuja kutuambia?"

Nilimjibu ukweli: "Shikamoo mzee. Barua imekuja kutuambia. Lakini sheria inataka mimi niwaulize."

"Marahaba. Basi tuulize."

Nikauliza. Kwa muda mrefu hakuna aliyeongelea Burundi. Walizungumzia kisima. Kijiji kilikuwa na pampu ya mkono moja inayofanya kazi, na foleni ya ndoo ilianza saa 10 alfajiri. Walizungumzia darasa la kwanza, ambako watoto waliketi sakafuni. Kijana mmoja alisimama kusema amemaliza kidato cha nne, ameomba shamba miaka mitatu na bado anaambiwa ardhi imekwisha. Sasa amesikia ipo, na anataka aonyeshwe ilikuwa imefichwa wapi. Alishangiliwa sana. Yalikuwepo pia maneno mabaya, nisiyafiche. Mmoja alisema watu wa vita huja na vita. Mwingine alidai wataleta silaha. Mwenyekiti aliwanyamazisha, nami nikasimama nikawaambia kwamba nimesoma na watu hao, nimelala nyumbani kwao, na silaha niliyoiona ni jembe. Baadhi walicheka, baadhi walinitazama kama mtu anayeficha jambo.

Mama mmoja wa makamo, mjane, mwenye genge la nyanya pale njia panda, alizungumza karibu na mwisho. Alisema: "Mimi mgeni simkatai. Mume wangu mwenyewe alikuja hapa mgeni, akapewa shamba, akazikwa hapa. Ninachokataa ni kuletewa mgeni na mtu ambaye hatakuja kesho kuona tunakula nini mimi naye."

Mkutano ukaamua kutotenga ardhi mpaka serikali ije yenyewe, ieleze na kuonyesha bajeti ya maji na madarasa. Mtendaji wa kijiji aliandika muhtasari, waliohudhuria wakasaini au kuweka dole gumba, nami nikaupeleka wilayani. Ofisa mmoja aliupokea, akaniuliza kwa nini nimewaachia watu waseme. Nilimwonyesha kifungu cha sheria. Hakunijibu.

Kumbe hali ilikuwa hivyo hivyo mahali pengi. Viongozi wa mikoa na halmashauri walilalamika, fedha za kuhamisha watu hazikutosha, na mwaka 2011 zoezi likasimamishwa. Kwa upande mmoja nilifurahi kuona kwamba sauti ya kijiji, kisheria na kwa amani, ilizuia jambo lililopangwa vibaya. Kuna nchi watu huandamana na kuchoma moto ili tu wasikike kuhusu wahamiaji. Sisi tulisikika kwa muhtasari wenye alama za vidole. Najivunia hilo mpaka leo.

Upande wa pili niliuona nilipokwenda likizo Mpanda.

Rafiki yangu alikuwa amekuwa mwalimu wa kujitolea katika shule moja ya Katumba. Aliukana uraia wa Burundi kama alivyotakiwa, uraia ambao hakuwahi kuutumia hata siku moja. Alikuwa kwenye orodha ya waliokubaliwa, cheti hana. Uchaguzi wa Oktoba 2010 ulipita hana cha kupigia kura. Kwa sababu makazi yalikuwa yanasubiri kuvunjwa, hakuna aliyetaka kuweka fedha pale. Bati la darasa likiezuliwa na upepo linabaki limeezuliwa. Baba yake aliacha kupanda miembe, maana mwembe wa kumwachia nani? Alinionyesha ukuta wa chumba alichokuwa anaongeza. Matofali ya kuchoma yamefika usawa wa dirisha, juu yake nyasi zimeota.

"Kaka," aliniuliza, "hao watu wa huko kwenu kazini, walitukataa?"

Nilimsimulia mkutano wote, kisima, kijana wa kidato cha nne, mama wa nyanya, hata yale ya silaha. Alisikiliza, kisha akasema, "Mbona sisi hatukuulizwa kama tunataka kwenda?"

Nami nilikuwa sijalifikiria hilo kwa uzito. Sensa ya 2007 iliwauliza kuhusu Burundi au Tanzania. Kuhama Katumba hakukuwa chaguo, kulikuwa sharti. Na sisi majirani wa Mpanda, tuliokula mahindi yao kwa miongo mitatu, tuliofanya nao biashara na kuoana nao, hakuna aliyetuita kutuuliza kama tunataka waondoke. Wapo wenyeji waliotaka waondoke, hasa walioyamezea mate mashamba yale. Lakini wafanyabiashara wa mazao, wenye mashine za kusaga, madereva na wakwe zao walitaka wabaki, na hawakujificha kusema. Kwa hiyo palikuwa na wananchi mbali waliotakiwa kuwapokea watu wasiowajua bila kuandaliwa, na wananchi karibu waliokuwa tayari kubaki nao. Mpango uliwasumbua wote.

Tangu hapo, nikisikia "wananchi wameamua" nauliza ni wa wapi, waliulizwa lini na waliulizwa nini. Mtu anayeishi jirani na mgeni anajibu kwa habari za mgeni yule. Anayeishi mbali anajibu kwa habari za kisima chake. Majibu yote mawili ni ya kweli na yote yana haki ya kusikilizwa, ila huwezi kuyachanganya ukapata jibu moja. Nani aishi kijijini, kwa maji yapi, kwenye shamba lipi, hilo kijiji kiulizwe mapema na kijibiwe kwa bajeti. Lakini aliyezaliwa hapa na asiyekuwa na nchi nyingine, suala la kama ni mtu wa hapa liwe la sheria, limalizwe mahakamani na Uhamiaji, wala lisisubiri upepo wa kampeni. Wapo marafiki zangu wanaoona kwamba hapo naibana demokrasia. Nami nawaona wanaipa kazi isiyo yake.

Na wanasiasa wanapoahidi nchi isiyo na wakimbizi wakati wanafikiria kuwapa uraia, waseme hivyo jukwaani. Mwaka 2005 ingewezekana kabisa kuwaambia wananchi: wapo waliozaliwa hapa, hawa tutawafanya raia, na hii ndiyo sababu. Watanzania wangebishana, wengi wangekubali. Mkutano wetu ulikasirishwa zaidi na kujua mwishoni kuliko na Warundi.

Serikali hatimaye ililegeza. Sharti la kuhama liliondolewa, na Oktoba 2014 Rais Kikwete akazindua ugawaji wa vyeti. Mwaka uliofuata rafiki yangu alipanga foleni ya kujiandikisha kwa mashine za alama za vidole, na tarehe 25 Oktoba 2015 akapiga kura kwa mara ya kwanza, akiwa na umri ambao mimi nilikuwa nimeshapiga mara kadhaa. Alinipigia simu jioni akilia na kucheka kwa pamoja. Hakuniambia amempigia nani, nami sikumuuliza.

Sisemi kwamba kila kitu kilinyooka. Uraia wa tajnisi unaweza kufutwa, wa kuzaliwa haufutwi kwa njia hiyo, na wazee wa Katumba wanalijua jambo hilo kwa moyo. Wakimbizi wa miaka ya 90 waliokuwa kambi za Kigoma hawakupata mlango kama ule. Kambi ya Mtabila ilifungwa mwishoni mwa 2012 na watu wakarudishwa Burundi, wengine wakiwa hawataki. Machafuko ya 2015 yalipozuka huko walianza kuvuka tena kuja kambi za Nyarugusu na Nduta. Mwanzoni mwa 2018 Tanzania ilijitoa kwenye mpango wa kimataifa wa kuwasaidia wakimbizi kujitegemea, ikitaja usalama na uhaba wa fedha. Nilielewa sababu ya fedha. Tuliahidiwa mengi na dunia kwenye zoezi la 2010 na tuliyoyapata hayakutosha.

Mara ya mwisho nilipofika Katumba, rafiki yangu alikuwa ametoka kwenye mkutano wa hadhara ulioitishwa na diwani wao. Ajenda ilikuwa wafugaji. Kwa miaka mingi sasa wafugaji wa Kisukuma wanahamia Katavi na ng'ombe wengi, na kundi moja lilikuwa limeomba kukaa karibu na bonde wanalolima wao. Rafiki yangu alisimama kupinga. Aliniambia hoja zake zote: mahindi yataliwa, maji ya bonde hayatoshi kwa kiangazi, na hakuna aliyewauliza kabla ya ng'ombe kufika.

Nilimwambia kwamba wafugaji wale ni raia wa kuzaliwa, na kikatiba wana haki ya kuishi popote Tanzania. Akanijibu kwamba analijua hilo, na ndiyo maana hakusema wafukuzwe. Alisema waonyeshwe njia ya ng'ombe na mahali pa kunyweshea kwanza, ndipo wapewe nafasi. Tulibishana mpaka chai ikapoa. Nikamuuliza kama wafugaji wenyewe walipata nafasi ya kusema mkutanoni. Alisema mmoja wao alisimama, akaongea kwa muda mrefu, na walimsikiliza mpaka mwisho. Diwani aliunda kamati ya watu wa pande zote mbili, naye amechaguliwa mjumbe. Wiki iliyofuata walikuwa wanakwenda kupima hiyo njia ya ng'ombe, na yeye alikuwa bado anapinga.